Kampeni za malaria zianze na maswali ya wananchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu wa mvua uliopita, nalo ni namna tunavyoendesha kampeni za kuwaelimisha wananchi kuhusu malaria. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa kijiji kimoja katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Katika miaka yangu ya ualimu nilipata kufuta majina ya wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio kwa sababu ya ugonjwa huu, kwa rula na kalamu nyekundu kama utaratibu ulivyotaka, na hadi leo nayakumbuka yote.

Mwezi Aprili, siku chache kabla ya Siku ya Malaria Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 25 ya mwezi huo, gari la matangazo liliingia kijijini kwetu saa nne asubuhi. Lilikuwa na vipaza sauti viwili juu ya paa, muziki wa kuchangamsha, na sauti ya kijana iliyotuhimiza kulala ndani ya chandarua chenye dawa, kuwahi zahanati tuonapo homa, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi. Lilisimama kidogo penye gulio, fulana zikagawiwa kwa waliokuwa karibu, kisha likaendelea na safari. Simlaumu kijana yule wala waliomtuma, kwa maana karibu yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na alikuwa na vijiji vingi vya kupitia kwa siku chache. Lakini anayeyajua maisha ya bonde letu anajua kwamba mwezi Aprili, saa nne asubuhi, kijiji kiko shambani. Mpunga unatoa masuke, na familia nzima nzima zimehamia madunguni, nyingine ng'ambo ya mto, kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe pori usiku. Waliolisikia tangazo lile walikuwa wenye maduka, wazee tusioweza tena kushika jembe, na watoto waliolikimbilia gari kwa ajili ya muziki.

Jioni ya siku hiyo majirani wawili watatu waliketi barazani kwangu, na mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa amerudi kutoka shambani kuchukua chumvi na betri za tochi, akaniuliza gari lilisema nini. Nilipomweleza alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hayo tunayajua, mwalimu. Mimi nilikuwa na la kuwauliza." Nikachukua daftari nikaandika swali lake. Tangu hapo nimekuwa nikiandika swali la kila anayenijia, na hadi mavuno yanakwisha nilikuwa na maswali 43. Barua hii inatokana na daftari hilo.

Swali la mama yule lilikuwa hili: "Nikipimisha nikaambiwa hakuna malaria, basi homa hii ni ya nini?" Wasomaji wako watakumbuka kwamba kwa miaka mingi tumeambiwa, redioni na kwenye mabango, kwamba si kila homa ni malaria, hivyo tupime kwanza. Ujumbe huo ni sahihi. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na vipimo vya haraka, vile vya tone la damu ya kidoleni, vikasambazwa hadi kwenye zahanati za vijijini. Tatizo ni kwamba ujumbe uliishia njiani. Mama huyu alimbeba mjukuu wake aliyechemka mwili, akaanza safari alfajiri, kipimo kikaonyesha hakuna malaria, akapewa dawa ya kushusha homa na kuambiwa arudi nyumbani. Hakuelezwa kwamba homa ya mtoto yaweza kutoka kifuani, masikioni, tumboni au kwenye njia ya mkojo, wala hakutajiwa dalili ambazo akiziona amrudishe mtoto bila kuchelewa. Akafanya ambalo mzazi yeyote mwenye hofu angelifanya: akapita duka la dawa, akanunua mseto, yaani dawa ya malaria. Mtoto alikuwa na nimonia, na iligundulika siku ya tatu, wakati anapumua kwa shida na mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi. Alipona, tunamshukuru Mungu. Tukisema mama huyu hazingatii elimu tutakuwa tunamwonea, kwa sababu elimu aliyopewa ilimfikisha mlangoni mwa zahanati ikamwacha hapo.

Swali lililofuata limeulizwa na watu wasiopungua wanane, kila mmoja kwa maneno yake: "Nimefyeka mpaka uwanja umekuwa mweupe, mbona bado tunaugua?" Hapa naomba wataalamu wetu wawe wakweli zaidi kwa wananchi. Mbu huzaliwa majini, si kwenye nyasi. Wale wanaotoka vyooni na kwenye mitaro ya maji machafu, wanaotulilia masikioni usiku kucha, wengi wao ni kyuleksi, ambao wanaweza kueneza matende na mabusha lakini hawaambukizi malaria. Anofelesi, ambaye ndiye anayeibeba malaria, hupendelea maji yaliyotulia yasiyo machafu sana, kama nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, kingo za vijito na mabwawa, na majaruba ya mpunga. Katika bonde letu hili watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya maambukizi huletwa na aina moja ya anofelesi, iitwayo funestus, ambaye huzaliana katika maji yanayodumu. Mkulima aliyeambiwa afukie dimbwi la uani, ilhali chakula chake cha mwaka mzima kinatoka katika jaruba, anastahili kuelezwa kwamba usafi wa uwanja una faida nyingi lakini hautamwondolea malaria, na kwamba kinga yake kubwa ni chandarua. Akifyeka mwaka wa kwanza na wa pili asione tofauti, mwaka wa tatu hatatuamini hata katika lile la chandarua.

Kuhusu chandarua peke yake daftari langu lina maswali 17, na mengi yamezaliwa na mkasa mmoja. Kijana wa kitongoji cha jirani alipata chandarua kipya, akakitoa kwenye mfuko wake jioni hiyo hiyo, akakifunga na kulala. Usiku uso ukamwasha, macho yakamtoka machozi. Asubuhi kitongoji kizima kilikuwa kimesikia kwamba vyandarua vya safari hii vina sumu, na hadi mwisho wa wiki uvumi ulikwisha kukua na kuwa kwamba vinapunguza nguvu za kiume. Maelezo ya kukianika chandarua kipya kivulini kwa siku nzima kabla ya kukitumia yalikuwapo kwenye mfuko, kwa maandishi madogo, lakini hakuna aliyeyasema kwa mdomo siku ya kugawa. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule kijana, tukakitoa chandarua uvunguni alikokitupa, tukakitundika kwenye kamba chini ya mwembe usiopenywa na jua, tukakiacha mpaka kesho yake. Usiku uliofuata alilala humo, na hakuwashwa. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa, ikanigharimu kipande cha kamba. Lakini nyumba nyingine saba zilizokwisha kuvitumia vyandarua kufungia kuku na bustani za mchicha sikuweza kuzirudisha zote.

Wapo pia kina mama wajawazito wanaopewa chandarua kliniki wakakihifadhi kikiwa kipya ndani ya sanduku, kwa sababu wanaamini ni cha mtoto, na mtoto hajazaliwa bado. Naliandika hili kwa msisitizo kwa kuwa sijalisikia katika tangazo lolote. Vimelea vya malaria hujificha katika kondo la nyuma, na mama anaweza kuwa navyo bila kuhisi homa hata kidogo, huku mtoto tumboni akinyimwa lishe na kuzaliwa na uzito mdogo. Ndiyo sababu mjamzito hupewa kliniki vidonge vya SP, vya kumkinga na malaria, ingawa haumwi, na ndiyo sababu chandarua kile ni chake tangu siku anayokipokea. Mama mmoja nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wangeniambia hivyo hivyo." Niliona aibu kwa niaba yetu sote tuliosoma.

Ndugu Mhariri, nchi yetu imewahi kulifanya jambo hili kwa namna nyingine, na mimi nililishuhudia nikiwa mtoto. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo malaria ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa, pamoja na safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kampeni ile ilidumu wiki 12 na ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma nchini kote, chini ya viongozi wa vikundi karibu 75,000 waliopewa mafunzo kwanza. Kikundi cha kwetu kilikutana chini ya mkorosho nyumbani kwa mjomba wangu. Redio ya betri iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, watu wakasikiliza kipindi, kisha nikaitwa mimi, mtoto wa miaka 12, niwasomee wakubwa kijitabu kwa sauti, kwa kuwa wengi wao walikuwa ndio kwanza wanaanza kujifunza kusoma. Baada ya kusoma walijadiliana, na hawakuondoka mpaka wamekubaliana nini kitafanyika kabla ya kukutana tena.

Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akivua mtoni aliuliza, "Kama mbu ndiye anayebeba homa, mbona yeye mwenyewe haumwi?" Watu walicheka, lakini mjomba hakucheka. Alisema hajui, akaliandika swali kwenye karatasi, na mkutano uliofuata akaja na jibu kutoka kwa mganga wa zahanati: kwamba vimelea humtumia mbu kama nyumba ya kukulia, havimdhuru sana, na kwamba huvichukua siku kumi au zaidi kukomaa mwilini mwake kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mzee yule akasema basi anayemuua mbu kabla ya siku hizo kwisha amewaokoa na wengine. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alichokisema mvuvi yule ndicho kinachokipa nguvu chandarua chenye dawa: mbu anayetua juu yake akafa leo au baada ya siku mbili hatafikia umri wa kuambukiza, na kwa hiyo hata jirani asiye na chandarua anapata nafuu pale ambapo wengi wanavitumia. Katika matangazo ya leo sijasikia jambo hilo likielezwa, nalo lingewafaa sana wale wanaodhani kwamba kulala ndani ya chandarua ni siri ya nyumba ya mtu, isiyomhusu mwingine.

Sisemi kwamba turudi mwaka 1973. Kampeni ile haikumaliza malaria, na isingeweza, kwa sababu wakati huo hapakuwa na vyandarua vyenye dawa, wala mseto, wala kipimo cha haraka. Ninachokisifu ni kwamba iliacha nafasi ya mtu kusema sijaelewa. Hata baadaye, hapa hapa Kilombero na kwa jirani zetu wa Ulanga, mradi wa vyandarua wa miaka ya 1990 uliotumia jina la Zuia Mbu ulianza kwa kuwauliza wananchi wanavyolala, wanavyouita ugonjwa na wanachoweza kulipa, ndipo ukauza. Wataalamu walipopima matokeo waliona kwamba matumizi ya vyandarua vile yaliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Kuuliza kwao kulikuwa na maana kubwa, kwa sababu siku zile mtoto akipatwa na degedege, wazazi wengi waliamini amepitiwa na kitu angani na kwamba akichomwa sindano atakufa, basi wakaanza kwa mganga wa kienyeji. Ukimwambia mzazi wa namna hiyo awahi hospitali kwa malaria, atakubaliana nawe kabisa, kisha mtoto wake akishikwa na degedege atampeleka kwingine, kwa kuwa kwake hayo ni magonjwa mawili.

Wala sipuuzi kampeni za karibuni. Ile ya Zinduka ya mwaka 2010, yenye wito kwamba malaria haikubaliki, iliwatumia wasanii wetu na kuufikisha ujumbe kwa vijana ambao mimi nisingewafikia. Hati punguzo, yaani vocha ya kupunguziwa bei ya chandarua, iliyoanza mwaka 2004, ilimwezesha mjamzito wa kijijini kumiliki chandarua alichokichagua mwenyewe dukani. Matunda yake yanaonekana: katika vipimo vya kitaifa, kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilikuwa asilimia 18 mwaka 2008, na mwaka 2022 kilikuwa asilimia 8. Hata hivyo njia kati ya tarakimu hizo mbili haikuwa ya kuteremka tu. Kiwango kilishuka hadi 9 mwaka 2012, kikapanda hadi 14 katika utafiti wa mwaka 2015, ndipo kikashuka tena. Na nyuma ya wastani huo wa 8 kuna mkoa wa Tabora wenye 23 na mkoa wa Kilimanjaro usiofikia 1. Tangazo moja, kwa sauti moja, haliwezi kuwafaa sawasawa mfugaji wa Tabora, mkulima wa mpunga wa Kilombero na mkazi wa Temeke ambaye mbu wake wengi wanatoka kwenye mtaro.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu. Kampeni zetu nyingi zimekuwa zikiendeshwa na miradi ya wafadhili, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza kuingizwa katika mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na malaria ulioanzishwa mwaka 2005. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, kazi nyingi za namna hiyo katika nchi za Afrika zilisimama au kuyumba. Gari la matangazo linahitaji mafuta, dereva na posho, na mradi ukifungwa nalo halitakuja. Wakati huo huo vimelea havijasimama: mkoani Kagera wataalamu wamekwisha kuvikuta vyenye dalili za kuizoea artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto. Kwa hiyo lile swali la daftari langu, "Mtoto amepata nafuu siku ya pili, kwa nini nisiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake?" linatakiwa lijibiwe nyumba kwa nyumba, na mtu atakayekuwapo kijijini hata mwezi ujao.

Mtu huyo tunaye. Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na wa kwetu ni binti mchapakazi ambaye nilimfundisha darasa la tatu. Anazijua nyumba zote. Lakini anapotumwa kuhamasisha kuhusu malaria, fomu anayopewa inamtaka ajaze idadi ya watu aliowafikia, basi. Hakuna mstari wa kuandika walichomuuliza, wala hakuna anayemwuliza yeye. Naiomba Wizara ya Afya na halmashauri zetu ziongeze mstari huo mmoja. Maswali yakusanywe kila mwezi na mganga mfawidhi wa zahanati, ayajibu anayoyaweza, na yale yanayomshinda ayapeleke kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha majibu yarudi kijijini kwa mdomo wa yule yule aliyeyachukua. Redio zetu za jamii, ambazo zinasikika hadi madunguni kwa kuwa kila kijana ana simu yenye redio, zisome maswali hayo jioni baada ya saa mbili, watu wanapokuwa wamekaa kwenye moto. Na kazi hiyo ianze mwezi Novemba, kabla ya mvua na kabla ya watu kuhamia mashambani, ili anayekwenda dunguni aende na chandarua chake, na ajue namna ya kukifunga mahali pasipo na ukuta wala dari. Hilo la mwisho nalo limo daftarini, liliulizwa mara sita.

Nimekwisha kuyanakili maswali yote 43 kwa mwandiko unaosomeka. Nakala moja nimempa mhudumu wetu wa afya, nyingine nitaipeleka mwenyewe wilayani wiki ijayo. Ya tatu nimeiambatanisha na barua hii, nikiomba kwamba, kama nafasi itaruhusu, gazeti lako limtafute daktari atakayeyajibu machache kila wiki kwa Kiswahili chepesi. Ukurasa huo nitaukata na kuubandika penye mbao za matangazo ya ofisi ya kijiji, na wasiojua kusoma nitawasomea.

Mwalimu mstaafu,
Bonde la Kilombero, Morogoro